Diski Inasoma kwa Shida Lakini Bado Inasoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na walimu wanaosimamia maabara za kompyuta, makarani wa sacco, wenye cyber na wenye maduka ya dawa, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Kakamega na Busia. Karibu wote wana lalamiko moja: mashine haijafa, ila inaganda, inasita, kisha inaendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. Majibu yanahusu hitilafu za aina hiyo za kusoma na kuandika, zile ambazo mashine hujirekebishia yenyewe. Kabla hujasoma zaidi, kama kuna faili ambayo huwezi kuipoteza, inakili sasa hivi kwenye diski nyingine, kisha urudi.

Hitilafu inayorekebishika ni ipi hasa?

Data kwenye diski hugawanywa katika vipande viitwavyo sekta, na kila sekta huandikwa pamoja na baiti za ziada za kukagulia. Sekta za zamani zilikuwa na baiti 512. Diski nyingi zilizotengenezwa kuanzia karibu mwaka 2011 zina sekta za baiti 4096. Baiti hizo za ziada hufanya kazi kama jumla ambazo mwenye duka huandika chini ya kila safu na mwishoni mwa kila mstari wa daftari la madeni: tarakimu moja ikilowa na kufutika, jumla mbili zinakuonyesha ni ipi iliyofutika na ilikuwa ngapi. Richard Hamming wa Bell Labs alichapisha mbinu ya namna hii mwaka 1950. Diski za leo hutumia hesabu nzito zaidi, lakini wazo ni lilelile.

Kuna ngazi tatu. Kwanza, biti chache zimesomwa vibaya na zinasahihishwa papo hapo. Hilo hutokea kila siku hata kwenye diski nzima kabisa. Pili, hesabu imeshindwa, na kichwa cha kusomea kinarudi mahali palepale mara nyingi, kikisogea kidogo huku na huku, mpaka data ipatikane. Hapo ndipo unapoona kompyuta imeganda sekunde kadhaa. Tatu, imeshindikana, na programu inaambiwa kwamba haisomeki. Ngazi ya pili ndiyo ninayoijali zaidi, kwa kuwa ndiyo inayokupa muda.

Kama mashine imejirekebisha yenyewe, mimi nijisumbue kwa nini?

Kwa sababu marekebisho hayo mara nyingi ndiyo onyo pekee utakalopewa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini. Waliona kwamba diski ikipata hitilafu ya kwanza inapojikagua uso wake, uwezekano wake wa kuharibika ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na hitilafu hiyo. Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizoharibika hazikuwa zimetoa ishara yoyote kati ya zile nne kuu walizozichunguza. Basi onyo likija lichukulie kwa uzito, na lisipokuja bado unahitaji nakala.

Msimamo wangu ni kwamba namba yenyewe haina uzito kama mwendo wake. Diski yenye sekta 12 zilizobadilishwa, yaani mbovu ambazo nafasi yake imechukuliwa na za akiba, ikabaki na 12 tangu mwaka jana, ninaiamini kuliko yenye sekta 2 wiki iliyopita na 9 leo. Lakini mwendo hauonekani kama hakuna aliyeandika. Ndiyo maana ninaisihi kila ofisi iwe na daftari la mashine: tarehe, jina la mashine, namba tano au sita za diski nitakazozitaja hapa chini. Mtu mmoja akilijaza kila mwanzo wa mwezi, kazi ya fundi inapungua nusu.

Nitazionaje, ikiwa Windows hainiambii kitu?

Windows huandika, ila haipigi kelele. Fungua Event Viewer, ingia sehemu ya System, utafute matukio yanayotoka kwa diski. Tukio namba 7 linasema kuna sekta mbovu. Namba 153 linasema ombi la kusoma au kuandika lilirudiwa, yaani hitilafu iliyorekebishika kwa maana kamili. Namba 129 linasema kifaa kilikaa kimya mpaka kikawashwa upya, na namba 11 huelekeza macho kwenye kontrola (saketi inayoendesha diski) au waya. Namba 51 hutokea pale hitilafu ilipoipata kompyuta ikihamisha data kati ya memori na diski, usiidharau ikijirudia.

Kwenye Linux tumia `dmesg` au `journalctl -k`. Ukiona herufi UNC, sekta imeshindwa kusomeka kwenye uso wa diski. Ukiona ICRC, data imeharibika njiani, kati ya diski na ubao mkuu. Hizo mbili zina tiba tofauti kabisa, na mafundi wengi hubadilisha diski isiyo na kasoro kwa kosa la waya.

Kwenye ripoti ya SMART, nianze na namba zipi?

SMART ni rekodi ambayo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye Windows wengi hutumia CrystalDiskInfo; kwenye Linux, andika `smartctl -a /dev/sda`. Diski ikiwa ndani ya kasha la USB, ongeza `-d sat`, la sivyo unaweza kupata ripoti tupu. Jambo moja linalowachanganya watu: CrystalDiskInfo huonyesha namba kwa mfumo wa kumi na sita, kwa hiyo 197 utaiona kama C5, 198 kama C6, 199 kama C7 na 187 kama BB. Thamani ghafi nazo huja kwa mfumo huohuo mpaka ubadilishe kwenye mipangilio.

Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Namba 197 ni sekta zinazosubiri uamuzi: diski imeshindwa kuzisoma, lakini haijazihukumu. Namba 198 ni zile zilizoshindikana diski ilipojikagua yenyewe. Namba 187 ni mara ambazo diski ilikiri kwa kompyuta kwamba haikuweza kurekebisha. Namba 199 ni hitilafu za njiani. Namba 9 ni saa ambazo diski imekuwa ikifanya kazi, na 194 ni joto. Zilizobaki zisome ukiwa na nafasi.

Fundi, diski yangu inaonyesha mamilioni kwenye namba 1. Nimekwisha?

Huenda ni Seagate. Kwenye diski zao nyingi, thamani hiyo ni namba mbili zilizobanwa pamoja: sehemu ya juu ni hitilafu, sehemu ya chini ni idadi ya shughuli zilizofanywa. Ikiwa namba nzima iko chini ya 4,294,967,296, hitilafu ni sifuri. Endelea na kazi.

Stima ilipotea tukiwa tunaandika. Sasa namba 197 inaonyesha 8. Diski imekufa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote kwetu, hasa miezi ya mvua za masika, radi za alasiri zinapokata umeme mara kwa mara. Na ndilo linaloponza diski nyingi zisizo na kasoro.

Tazama kinachotokea. Kichwa kiko katikati ya kuandika sekta, umeme unakatika. Nusu ya sekta ina data mpya, nusu ina ya zamani, na baiti za kukagulia hazilingani na yoyote. Uso wa diski hauna kovu lolote, lakini ukijaribu kusoma hapo hesabu haitakubali kamwe. Diski inaiweka sekta hiyo kwenye orodha ya zinazosubiri. Na kwa nini 8? Kwa sababu diski nyingi zina sekta halisi za baiti 4096 lakini huiambia kompyuta kwamba ni za baiti 512. Sekta moja halisi ikigoma, nane zinahesabiwa. Ukiona 8, 16 au 24, gawanya kwa nane kabla ya kuogopa.

Diski haiwezi kuamua mpaka mtu aandike juu ya sekta hiyo. Ikiandikwa na kusomeka vizuri, inatoka kwenye orodha na hakuna kinachobadilishwa. Ikikataa kuandikika, inabadilishwa na ya akiba na namba 5 inapanda. Hapo ndipo utambuzi wote ulipo, na utaratibu wangu ni huu. Ninanakili kila kinachosomeka. Kisha ninaendesha jaribio refu, `smartctl -t long`, ambalo kwa diski kubwa huchukua saa kadhaa, na kuandika mahali hitilafu ya kwanza ilipopatikana. Baada ya kuhakikisha nakala inafunguka kwenye mashine nyingine, ninaandika juu ya diski nzima. Kwenye Windows, formati kamili hufanya hivyo, ile ya haraka haifanyi. Halafu ninasoma namba upya.

Namba 197 ikirudi sifuri na namba 5 isisogee, mkosaji alikuwa umeme, na diski inarudi kazini. Namba 5 ikipanda kidogo na jaribio refu la pili likapita, ninairudisha kwa kazi nyepesi tu, si kwa rekodi za wanachama. Namba 197 ikirudi tena baada ya siku chache ilhali umeme haujakatika, diski hiyo haina kazi tena.

Na nunua UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, hata ndogo. Laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwenye chaja iko katika hatari ileile ya kompyuta ya mezani, jambo ambalo wengi hawalifikirii.

Niendeshe chkdsk kwanza?

Hapana, si kwanza. `chkdsk /r` husoma diski nzima na kubadilisha mfumo wa faili huku ikiendelea. Kwenye diski inayokufa, hizo zinaweza kuwa saa zake za mwisho, na wewe hujanakili chochote. Tumia GNU ddrescue, programu ya kunakili diski inayogoma: `ddrescue -n /dev/sdb picha.img ramani.log`. Hiyo huchukua sehemu rahisi kwanza na kuziacha zilizo ngumu. Ukimaliza, irudie ukiweka `-r3` badala ya `-n`, ihangaike na zilizobaki. Faili ya ramani hukumbuka ilipofika, kwa hiyo stima ikipotea unaendelea ulipoachia. Hakikisha umejua ipi ni diski mbovu na unapohifadhi ni wapi, maana ukizigeuza hakuna kurudi. chkdsk iendeshe baadaye, juu ya nakala.

Namba 199 inapanda kila siku lakini nyingine zote ni sifuri.

Shukuru, maana hili ni la bei nafuu. Zima mashine, chomoa waya wa data wa SATA, uweke mwingine, na uhamie tundu jingine kwenye ubao. Namba 199 hairudi nyuma hata ukitengeneza, kwa hiyo andika ilipofika na uangalie kama inaongezeka. Ikiendelea kupanda na waya mpya, shuku pawa saplai, kisha kontrola. Kwa diski za nje za USB, badilisha waya na utumie tundu la nyuma ya kompyuta, kwani matundu ya mbele na vigawanyaji visivyo na umeme wake mara nyingi havifikishi nguvu ya kutosha.

Unyevu wa kando ya Ziwa Victoria una mchango wake. Nimeona meno ya viunganishi yakiwa na kutu nyembamba kwenye mashine zilizokaa miaka karibu na dirisha lililo wazi. Kuchomoa na kuchomeka mara mbili tatu hutosha wakati mwingine, lakini waya mpya ni bora.

Nitajuaje kama tatizo ni memori, si diski?

Chukua faili kubwa, kubwa kuliko memori yote ya kompyuta, uipige heshi (hesabu inayotoa alama fupi ya yaliyomo kwenye faili) mara mbili: `sha256sum` kwenye Linux, au `certutil -hashfile` ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 kwenye Windows. Majibu yakitofautiana bila ujumbe wowote wa hitilafu, diski haihusiki sana, kwa sababu diski yenye sekta mbovu hugoma palepale na kulalamika. Kinachobadilisha data kimyakimya kwa kawaida ni memori. Faili inatakiwa iwe kubwa kwa sababu ndogo hubaki kwenye memori baada ya kusomwa mara ya kwanza, na usomaji wa pili hautagusa diski.

Kisha endesha Memtest86+, programu ya kupima memori, usiku kucha. Hitilafu hata moja ni nyingi. Chomoa vipande vya memori, vipanguse meno, urudishe kimoja kimoja huku ukipima.

Seva huwa na memori inayojirekebisha, yenye biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64: biti moja ikigeuka inasahihishwa, mbili zikigeuka inatambuliwa na mashine inasimama. Linux huandika CE kwa iliyorekebishwa na UE kwa iliyoshindikana. Uchunguzi mwingine wa Google, wa mwaka 2009, ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya memori vikipata hitilafu zilizorekebishwa ndani ya mwaka mmoja. Laptopu na kompyuta nyingi za mezani hazina kinga hiyo, wala haziandiki popote kwamba biti imegeuka. Sacco inayoweka salio za wanachama kwenye kompyuta ya kawaida ilifikirie hilo.

SSD haina sahani wala kichwa. Yote haya yanaihusu?

Inahusika kwa njia yake. SSD huhifadhi data kama chaji ndogo za umeme, na chaji huvuja. Kontrola yake husoma, ikishindwa hubadilisha kipimo na kusoma tena, kisha huihamisha data mahali pengine. Kwa zile za NVMe (aina mpya zaidi, zisizotumia waya wa SATA), tazama mistari mitatu ya `smartctl -a`: Available Spare, yaani akiba iliyobaki; Percentage Used, yaani umri uliotumika; na Media and Data Integrity Errors, ambayo nikiiona imepita sifuri ninanunua nyingine. SSD hufa ghafla kuliko diski ya sahani, mara nyingi bila kusita hata siku moja, kwa hiyo sharti la nakala ni kali zaidi kwake. Usiihifadhi kabatini mwaka mzima bila umeme ukitegemea kukuta kila kitu.

Flashi ya bei nafuu inakubali kuandika, lakini faili hazifunguki.

Inawezekana imedanganya ukubwa wake. Ina gigabaiti 8 halisi, imeandikiwa 128, na kila kinachozidi hufuta kilichotangulia au hupotea. Ijaribu kwa `f3write` na `f3read` kwenye Linux, au H2testw kwenye Windows. Ikishindwa, irudishe ulikonunua ukiwa na matokeo mkononi. Hakuna programu itakayoitengeneza.

Diski za ofisi ziko kwenye RAID, yaani zimeunganishwa zifanye kazi kama moja na kubebeana data. Moja hutolewa kila mara ingawa ni nzima. Kwa nini?

Pengine ni diski ya kompyuta ya mezani. Ikikutana na sekta ngumu huendelea kujaribu, wakati mwingine zaidi ya dakika nzima, kwa kuwa inajua hakuna nakala nyingine. RAID haina subira hiyo. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30, kisha hukiona kifaa kimekufa. Diski za seva na za NAS (kisanduku cha kuhifadhia faili kwenye mtandao wa ofisi) huacha baada ya sekunde 7 hivi na kuiachia RAID ichukue data kwa wenzake. Jaribu `smartctl -l scterc,70,70`. Namba hizo ni muda ambao diski itajaribu kusoma na kuandika kabla ya kuacha, kwa sehemu za kumi za sekunde, yaani sekunde 7. Ikikubali, umepona, ila diski nyingi husahau zikizimwa, kwa hiyo amri iwekwe iendeshwe kila mashine inapowaka. Ikikataa, ongeza muda wa kusubiri wa Linux upande wa pili.

Mwinuko na vumbi la Nakuru vinaharibu diski?

Mwinuko, hapana. Kichwa huelea juu ya hewa, na watengenezaji huruhusu mpaka karibu mita 3,000. Nakuru iko kwenye 1,850 hivi, na hata Molo na Timboroa ziko chini ya kikomo. Vumbi haliingii ndani ya diski, lakini huziba feni na matundu ya kasha, joto linapanda. Safisha kila miezi michache, na mara nyingi zaidi kama uko kando ya barabara ya murram.

Nanunua kompyuta ya ex-UK. Nipime nini dukani?

Namba 9 kwanza. Mwaka mmoja wa kuwaka mfululizo ni saa 8,760; saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu usiku na mchana. Saa nyingi pekee hazinitishi. Kinachonitisha ni saa 0 kwenye mashine iliyochakaa, pengine dalili kwamba rekodi imefutwa. Kisha namba 5, 197 na 187. Yoyote ikipita sifuri, omba diski nyingine au upunguziwe bei. Muuzaji mwaminifu atakuruhusu uchomeke flashi yenye CrystalDiskInfo kabla hujalipa.

Diski imeanza kugongagonga.

Zima sasa. Usiijaribu tena, usiiweke kwenye friji, usikubali ifunguliwe mezani. Inahitaji chumba kisicho na vumbi kabisa. Kama data yake ina thamani kuliko gharama ya wataalamu wa kurejesha data, wapelekee bila kuiwasha njiani. Kama haina, nenda kwenye nakala yako.

Diski mbovu ya shule niirudishe dukani kwa waranti?

Fikiria kilichomo kwanza. Sekta zilizobadilishwa hubaki na data yake ya zamani, na ukifuta diski kwa njia ya kawaida huzifikii tena. Majina ya wanafunzi, rekodi za wagonjwa au salio za wanachama vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wewe uliyevikusanya ndiye utakayeulizwa. Diski ikiwa bado inaitikia, tumia amri yake ya ndani ya kufuta salama, ile ya kina, ambayo imekusudiwa kufikia hata sekta hizo. Ikiwa haiitikii, ninashauri shule iache waranti ipite, itoboe sahani kwa drili, na kuandika kwenye daftari la mashine tarehe na jina la aliyeshuhudia.